Kona ya Miwa Iliyokatwa

Neno lilikuwa mdomoni. Hapo ndipo tulipomwacha Maximilla Makhanu, na najua wapo wasomaji waliomlaani wiki nzima. Ngojeni kwanza, mtapata nafasi ya kumlaani zaidi.

Gari la mashindano linakwenda kasi kwenye barabara ya maramu, isiyo na lami, kule Kabras. Kushoto miwa, kulia miwa. Kwenye usukani yupo Tevin, mdogo wake, kijana ambaye picha yake imebandikwa mji mzima wa Kakamega. Kando yake amekaa Maximilla, nevigeta, kazi yake kumsomea kila kona kabla haijafika. Na mbele yao ipo kona iliyobadilika. Dada anajua. Mdogo wake hajui.

Nchi ya Kabras ni tambarare, na barabara za katikati ya mashamba zinafanana kama mapacha. Walipokuja kukagua njia, Maximilla aliamua kwamba miwa yenyewe ndiyo iwe alama yao. Pale miwa inapofunga mbele kama ukuta, piga breki, kata kushoto. Akaichora njia nzima hivyo hivyo kwenye simuleta yao, kompyuta ya kuigiza uendeshaji, ya mtaani Shieywe, ile ya usukani uliofungwa kwenye dawati kuukuu la shule, na Tevin akaizoea mpaka angeweza kuipita amefumba macho.

Kisha shamba la mzee Isaiah likashika moto. Miwa ikishaungua haingoji mtu, hukatwa upesi kabla utamu wake haujaharibika. Ukuta ukatoweka. Mahali pake pakabaki uwanja wa visiki, na njia ya trekta imepita katikati, imenyooka, kana kwamba barabara inaendelea mbele.

Maximilla aliambiwa habari hizo asubuhi ileile, akazimeza.

"Dada, soma," Tevin alisema kwenye kipaza sauti cha kofia yake.

Maximilla hakutaka mdogo wake afe, jamani. Hilo nalisema mapema. Alitaka apitilize kidogo tu, gari lizimike shambani, kamera zimwone bingwa wa Shieywe akigeuza katikati ya visiki watu wakimcheka. Alitaka siku moja tu ya kumwona Tevin akishindwa.

"Mbona kimya? Soma."

"Kushoto. Kushoto sasa hivi, Tevin, breki!"

Tevin alikanyaga breki, lakini magurudumu yalikuwa yameshaanza kuserereka. Gari lilipita kona, likaruka mtaro, likagonga visiki na kulalia ubavu wa kulia, upande wa dereva. Vumbi likajaa ndani. Maximilla akabaki ananing'inia kwenye mikanda, mdogo wake akiwa chini yake.

Sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya Tevin.

"Maxi, uko sawa? Shingo iko sawa?"

Angetukana ingekuwa nafuu. Lakini Tevin hakuwa mtu wa kutukana, na hilo ni moja kati ya mambo mengi ambayo dada yake hakuweza kumsamehe.

"Niko sawa," akajibu.

Wakata miwa walikuja mbio, wakatupa mapanga yao chini, wakashika gari kila mtu pale alipopata. Mmoja akaita harambee, wengine wakaitikia, na gari likasimama tena kwa magurudumu yake. Taa moja ilikuwa imevunjika na mlango wa dereva umebonyea. Injini ikakohoa, ikawaka.

Mambo yangeishia hapo, Maximilla angepona, kama si mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba mzigo wa majani ya miwa ya kulishia ng'ombe wake. Huyo ni Selpher, senge wao, dada ya baba yao marehemu. Aliutupa mzigo, akaja hadi dirishani kwa Maximilla huku machozi yanamtoka.

"Omwana wanje, mwanangu, si nilikupigia simu asubuhi?" alisema. "Si nilikuambia miwa ya Isaiah imeungua, wanakata yote mpaka kwa barabara? Nikakuambia umwambie kijana, juu yeye simu yake imezimwa. Ukaniambia, sawa senge, nitamwambia. Sasa ni nini hii?"

Maximilla alitazama mbele. Aliomba kelele za injini ziwe zimeyafunika yale maneno, lakini shangazi yake alikuwa mwimbaji wa kwaya, na sauti yake ilizoea kufika viti vya nyuma.

Tevin alitia gia. Hakumwangalia dada yake.

"Endelea kusoma," akasema.

Wakarudi barabarani. Sasa fikiria mwenyewe, msomaji: kijana ametoka kusikia kwamba mtu aliyekaa kando yake amemnyamazia kusudi, na bado hana mwingine wa kumwambia kona inayofuata iko upande gani. Maximilla alisoma. Kulia nne, ndefu (namba ikipungua, kona ni kali zaidi). Daraja, jembamba. Kushoto mbili, usikate. Alisoma vizuri kuliko siku zote.

Walipovuka mstari wa mwisho wa mkondo ule, kipande kimoja cha mashindano, na kuanza kutembea polepole kuelekea kambi ya mafundi Malava, Tevin ndiye aliyeanza.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Sasa ulikuwa unataka nini, Maxi?"

"Kiti chako," akasema. "Hicho unachokalia ni changu, na wewe unajua."

Hapa niwakumbushe waliojiunga nasi karibuni. Ile ligi ya mbio za kompyuta iliyompa Tevin jina, Tevin hakuishinda yeye. Aliyeshinda ni Maximilla. Ila siku ya kujiandikisha, simu yenye bando ilikuwa ya Tevin, wakatumia jina lake, na hakuna aliyeona ubaya kwa sababu nani alidhani watafika popote? Msimu mzima Maximilla alikaa kwenye lile dawati akiwapiga watu wa Nairobi na Kampala, na kila ushindi ukaandikwa T. Makhanu. Kiprono, mwenye timu ya magari kutoka Eldoret, alipotaka kumpa mshindi gari la kweli, alimpigia T. Makhanu.

Siku ile mama yao alichinja kuku. Mnajua nyumba za kwetu: imondo, ile firigisi, haiendi kwa kila mtu. Ni ya mwenye nyumba, au ya mtu aliyeiletea nyumba heshima. Tangu baba afe mama alikuwa akiikata vipande viwili, kila mtoto chake. Siku ile aliiweka nzima kwenye sahani ya Tevin. Maximilla alikula obusuma, ugali wetu, na mchuzi, akasema kuku ni mtamu, na wivu ukaanza kumkaa tumboni kama chakula kisichoshuka.

Na kama Tevin angekuwa dereva mbovu, lingepita. Angeshindwa, wangemrudisha, basi. Lakini kijana alikaa kwenye gari la kweli akawa mzuri. Kila waliposhangilia jina lake Maximilla alipiga makofi mpaka viganja vikauma, akitamani kumzaba kofi moja.

"Siku Kiprono alipiga simu," Tevin alisema sasa, macho barabarani, "mimi nilikuja kwako kwanza. Ama umesahau? Nilikuambia, wacha nimwambie ni wewe. Ukasema nini?"

Maximilla aligeukia dirisha.

"Ulisema, nenda tu. Ulikuwa unaosha vyombo. Hata hukugeuka."

"Nilitaka ukatae."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungejua. Mtu akikwambia nenda tu na hakuangalii, huwezi kujua?"

Tevin alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Miaka yote mimi hukusikilizanga vile umesema," akasema. "Kumbe nilikuwa nisikilize vile hukusema."

Wakafika Malava.

Kiprono alikuwa anawangoja, mikono kiunoni. Ni mtu mfupi, aliwahi kuwa dereva mwenyewe kabla mgongo haujamtupa nje ya usukani, na haongei sana. Mafundi waliurukia mlango uliobonyea. Yeye alichungulia ndani ya gari, akagusa kamera ndogo iliyofungwa juu ya kioo.

"Hii inashika picha na sauti yote," alisema. "Nitasikiza. Lakini kwanza niambieni nyinyi. Kona ile mmeipita mara ngapi kwa kompyuta? Nini ilitokea?"

Maximilla aliikodolea macho ile kamera. Kimya chake kimo ndani ya kile kidude. Sauti ya shangazi imo. Kila kitu kimo.

"Kosa ni langu, bosi," Tevin alisema.

Maximilla akageuka.

"Maxi alisoma, mimi nikachelewa," Tevin aliendelea, akivua glavu taratibu. "Miwa ilikuwa imekatwa, nikachanganyikiwa. Yeye hana makosa."

Mtu mwingine angepumua. Angeshukuru Mungu, angemnunulia mdogo wake soda, na hadithi hii ingekuwa na watu wazuri wawili. Lakini Maximilla alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. Ushindi wake ulikwenda kwa Tevin. Kiti kikaenda kwa Tevin. Sasa hata dhambi yake mwenyewe Tevin ameichukua, na ataonekana muungwana, na yeye ataishi chini ya wema wa mdogo wake maisha yake yote.

"Ni uongo," alisema.

"Maxi, nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha." Akamgeukia Kiprono. "Niliambiwa asubuhi miwa imekatwa. Sikumwambia. Nilitaka apotee njia. Na kuna kingine: ile ligi hakushinda yeye, ni mimi niliyeshinda. Kila mbio. Huyu alikuwa ananiletea chai. Ulichukua mtu ambaye siye."

Fundi mmoja aliacha spana ikaanguka. Kiprono hakubadilika uso hata kidogo.

"Hiyo ya ligi najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Kompyuta ya ligi inaweka kila kitu, vile mtu anakanyaga, vile anageuza usukani. Yule mshindi anapigianga breki na mguu wa kushoto, na anagusa usukani kidogo kabla ya kona, kama mtu anabisha hodi. Tevin ni mguu wa kulia na anageuza mara moja. Nilipokuona wewe kwa ile simuleta yenu, siku nilikuja kunywa chai kwa mama yenu, nikaona ule mguu wa kushoto. Nikajua."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na gari moja tu, na huyu kijana naye ana mkono. Singeweza kumtoa. Nikakuweka kiti cha kushoto ujifunze barabara, ungoje gari la pili litoke bandarini." Akaelekeza kidevu upande wa lori la timu, lililokuwa limeegeshwa nyuma ya hema. "Limefika. Liko ndani. Nilikuwa nikupe leo tukimaliza, mbele ya mama yenu."

Maximilla alitazama lori. Lilikuwa na turubai la kijani, na chini ya turubai gurudumu moja jipya lilionekana, jeusi, halijawahi kukanyaga matope. Alitamani kulia, lakini hata kulia aliona hana haki nako.

Tevin naye alikuwa amesimama mdomo wazi. "Hukuniambia," alimwambia Kiprono.

"Ungemwambia yeye. Halafu angeacha kusoma barabara, aanze kuota usukani."

Ngurumo ilisikika upande wa msitu wa Buyangu. Mafundi walitazama juu, wakaanza kubadilisha magurudumu bila kuambiwa. Mkondo mmoja ulikuwa umebaki, ule mrefu, na pamoja na kona ile walikuwa bado nafasi ya tatu.

Kiprono alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akamwangalia Maximilla kama mtu anayekagua gari alilotaka kununua na sasa amesikia injini ikigonga.

"Mimi nimevunjwa mgongo na nevigeta ambaye alikuwa amelala," alisema. "Wewe hukuwa umelala. Hiyo ni mbaya kuliko yangu. Sasa mimi siwezi kusema uingie kwa gari ama usiingie. Atasema mwenye ulimnyamazia. Tevin akikataa, tunatoa gari kwa mashindano, na wewe urudi Shieywe, na hili la pili nitatafutia mtu. Akikubali, mwende, na mkinirudia wote wawili wazima, ni lako. Sitaongeza neno."

Wote wakamgeukia Tevin. Alikuwa anakunywa maji. Alikunywa mpaka chupa ikaisha, akaifunga kifuniko, akaiweka juu ya boneti.

"Aingie," akasema.

Alivaa kofia yake, akazunguka upande wa dereva, akaupiga ule mlango teke ukafunguka.

Maximilla alisimama palepale. Alipaswa kufurahi. Gari la pili lilikuwa limerudi mikononi mwake kwa neno moja la mdogo wake, na hicho ndicho kilichomchoma, kwamba ni kwa neno la mdogo wake. Lakini safari hii chini ya wivu kulikuwa na kitu kingine, aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi. Aliapa moyoni kwamba atamsomea kama hajawahi kusoma. Kila kona, kila jiwe, kila tone la maji barabarani. Atamrudisha Tevin kwa mama yao bila mkwaruzo, kisha atapiga magoti amwombe radhi.

"Tevin," alisema walipokuwa wanajifunga mikanda. "Nisikilize kidogo."

"Baadaye," Tevin alisema.

Mvua ilianza walipofika kwenye mstari. Haikuwa manyunyu; ilikuwa ile mvua ya Kakamega ya alasiri, inayomwagika kama imetumwa. Maramu ilibadilika rangi mbele yao. Na hapo Maximilla akakumbuka jambo lililomtia baridi: katika njia yote aliyoichora kwenye simuleta, hakuwahi kuweka mvua. Tevin alikuwa ameipita njia hii mara zisizohesabika, na mara zote ilikuwa kavu.

"Unanisikia?" aliuliza, kama ilivyo kawaida yao kabla ya kila mkondo.

Tevin aliinua kidole gumba.

Msimamizi alishusha bendera. Gari likaruka.

"Moja kwa moja, kisha kulia tano," Maximilla alisoma. "Punguza, kunateleza."

Tevin hakupunguza. Walipita ile kona, sehemu ya nyuma ya gari ikicheza huku na huku.

"Tevin, punguza. Kushoto tatu baada ya nyumba ya mabati. Mvua imeharibu pembeni, shika katikati."

Tevin alishika pembeni, palepale anapopashikanga kwenye simuleta. Gurudumu liligusa mtaro, likatoka. Matope yalirukia kioo.

"Wewe! Nimesema katikati. Unanisikia ama hunisikii?"

Uso wa Tevin, ule kidogo uliokuwa unaonekana ndani ya kofia, ulikuwa umetulia kabisa. Alikuwa akiendesha njia nyingine, ile kavu ya Shieywe, aliyoihifadhi kichwani kona kwa kona, njia isiyomhitaji mtu wa kumsomea.

Maximilla alitazama chini. Katikati ya viti viwili, waya wa kofia ya Tevin, ule unaomletea sauti ya dada yake, ulikuwa unaning'inia, ncha yake ikigongagonga gia. Haukuchomoka wenyewe. Kiungio chake kilikuwa cha kufunguliwa kwa kuzungushwa, na mtu alikuwa amekizungusha hadi mwisho, kwa makini, kabla hajainua kidole gumba.

Alinyoosha mkono. Mikanda ikamrudisha kitini. Akanyoosha tena, vidole vikabakiza kidogo tu kuufikia.

Mbele yao barabara ilianza kushuka kuelekea mtoni, ambako daraja ni la gari moja na maji yalikuwa yameshapanda juu yake, mekundu, yakipita kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwenye simuleta mteremko huu ulikuwa wa kukimbia.

"Maji, Tevin! Daraja lina maji!"

Aliita jina la mdogo wake kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, mpaka sauti ikakatika, na Tevin akakanyaga mafuta.